Karibu na Mbali: Futuhi ya Upweke wa Mji Mdogo na Jukwaa la Kiswahili

Mada ya mhadhara huu ni tamthilia moja ya Kimarekani na swali moja la lugha. Tamthilia hiyo ni Almost, Maine ya John Cariani, futuhi ya mapenzi inayohusu wapweke wa mahali padogo penye baridi kali. Kwa zaidi ya miaka 20 imeigizwa na shule, vikundi vya ridhaa na jumuiya za miji midogo kuliko ilivyoigizwa na makampuni makubwa ya maonyesho. Swali lenyewe ni hili: kikundi cha jumuiya kinachoigiza kwa Kiswahili, kiwe cha Makambako, Voi au Kigoma, kikitaka kuipandisha jukwaani, kitapandisha nini hasa? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kicheko cha tamthilia hii hakimo katika matukio yake. Kimo katika nahau za Kiingereza ambazo mtunzi amezichukua kwa maana yake halisi na kuzifanya zitokee mbele ya macho ya watazamaji. Mtafsiri atakayehamisha maneno ataua kicheko hicho. Atakayezitafuta nahau za Kiswahili zilizolala na kuziamsha ataipata tamthilia ileile kwa njia nyingine, na pahala pamoja au pawili ataipata ikiwa bora kuliko asili yake.

Tamthilia na mahali pake

Cariani, ambaye pia ni mwigizaji, alikulia Presque Isle, kaskazini mwa jimbo la Maine, katika wilaya ya Aroostook. Hiyo ni nchi ya viazi, misitu na theluji; eneo lake ni kubwa sana, na kwa sensa ya mwaka 2020 lilikuwa na watu wapatao 67,000 tu. Sehemu nyingi za kaskazini mwa Maine hazina serikali ya mtaa: hazijaandikishwa kuwa mji wala kijiji, na huduma zake hutolewa na jimbo na wilaya. Mahali pa tamthilia ni pa namna hiyo. Wakazi wake hawakuwahi kukamilisha utaratibu wa kupafanya mji, ndiyo maana panaitwa Almost, yaani mahali ambapo pamebakiza kidogo kuwa mji. Msikilizaji wa Tanzania atatambua mara moja kinyume chake, kwani kwake "mji mdogo" ni cheo cha kisheria chenye mamlaka yake, kilicho juu ya kijiji na chini ya mji. Almost haijafika hata hapo.

Onyesho la kwanza lilifanywa na Portland Stage Company, mjini Portland, mwaka 2004. Mwanzoni mwa 2006 tamthilia ilipelekwa New York, katika Daryl Roth Theatre, na baada ya muda wa mwezi mmoja hivi ikashushwa. Kwa desturi ya biashara ya maonyesho, hapo ingekuwa imekwisha. Lakini ilikuwa imechapishwa, na walimu na viongozi wa vikundi vidogo wakaiona. Kufikia mwaka 2010 ilikuwa kileleni mwa orodha ya tamthilia zinazoigizwa zaidi katika shule za sekondari za Marekani, mbele ya A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare. New York iliipokea tena mwaka 2014, ikiwa imekwisha kuzunguka nchi nzima.

Sababu moja ya kuenea huko ni ya kiutendaji, na wahakiki wa fasihi huipuuza kwa kuwa haina ladha ya nadharia. Tamthilia ina dibaji, maonyesho mafupi manane, kipande cha katikati na hitimisho. Wahusika ni 19, lakini waigizaji wanne wanaweza kugawana nafasi zote, au kila nafasi ikapewa mtu wake. Karibu kila onyesho lina watu wawili, mara chache watatu. Mwenye kujua maisha ya kikundi cha ridhaa anafahamu maana ya jambo hili: mwalimu aliye na mitihani ya kusahihisha, muuguzi wa zamu ya usiku na mwenye duka la vipuri hawahitaji kukutana wote kila jioni. Wawili wanafanya mazoezi Jumanne, wawili wengine Alhamisi. Vifaa ni benchi, ubao wa kupigia pasi, mifuko, jozi za viatu. Hakuna onyesho la umati.

Kipande cha mapenzi kwa mapenzi kinafanya kazi hivi. Ni usiku wa Ijumaa, katikati ya majira ya baridi, na mambo yote yanatokea kwa saa moja, saa tatu usiku. Mwanamke amepiga hema katika uwanja wa mtu asiyemjua ili atazame nuru ya kaskazini. Amekumbatia mfuko wa karatasi uliojaa vipande vya moyo wake, na mwenye uwanja ni fundi. Mwanamke mwingine anamrudishia mchumba wake mapenzi yote aliyopewa katika miaka 11, yamejaa katika mifuko mikubwa myekundu, na anadai yake. Kijana asiyesikia maumivu anabeba orodha ya vitu viwezavyo kumwumiza mtu. Mtu aliyepoteza matumaini amepungua kimo hata mpenzi wake wa zamani hamtambui. Marafiki wawili wanaanguka chini, kimwili kabisa, kwa kuwa Waingereza husema mtu "huanguka" katika mapenzi. Mume na mke waliochokana wanatafuta kiatu kilichopotea, nacho kinadondoka kutoka mbinguni.

Moyo unaovunjika na moyo usiovunjika

Sitiari mfu ni sitiari ambayo wasemaji wameizoea hata hawaioni tena. Asemaye "mguu wa meza" haoni mguu. Cariani ameiamsha sitiari mfu moja baada ya nyingine, na hadhira yake hucheka kwa kuwa kila siku inatamka jambo ambalo haijapata kuliona. Kicheko cha namna hii ni mali ya wenye lugha.

Tuanzie mfuko wa vipande vya moyo. Mtafsiri wa haraka ataandika kwamba moyo wa mwanamke umevunjika. Lakini kwa Kiswahili aliyevunjika moyo hakuachwa na mume wala hakufiwa. Amekata tamaa ya kuendelea na jambo. Mwanafunzi aliyefeli huvunjika moyo, na timu iliyofungwa mabao matatu kipindi cha kwanza pia. Moyo wa Kiswahili ni makao ya ari na ushujaa kabla ya kuwa makao ya mahaba: mtu hutiwa moyo, hupigwa moyo konde, hufanya kazi kwa moyo. Mtazamaji akiambiwa mama huyu amevunjika moyo atauliza, alikuwa akijaribu kufanya nini?

Wapo watakaokimbilia maini, kwa kuwa maneno makali hukata maini. Jaribio hilo lina asili katika lugha, lakini jukwaani mfuko wenye maini utamkumbusha kila mtu bucha, na kicheko kitakachotoka si kile kinachotafutwa. Njia iliyo bora imo katika kifaa chenyewe. Vipande alivyobuni mtunzi ni vya jiwe, na vina uzito. Na Kiswahili kina moyo mzito. Mwanamke anayebeba moyo mzito hata mwanamume hawezi kuuinua mfuko wake atafahamika Tanga na atafahamika Bukavu. Fundi akimwomba autue, neno "kutua" litabeba mambo mawili, kushusha mzigo na kutulia, bila kuongezewa chochote. Neno "fundi" nalo lina upana ambao Kiingereza hakina: fundi ni wa saa, wa cherehani, wa redio, wa nyumba. Hakuna atakayeshangaa kwamba huyu naye anajaribu moyo.

Kuanguka kuna tatizo la ndani zaidi. "Kuanguka katika mapenzi" kumeanza kusikika katika nyimbo na filamu zilizotafsiriwa, lakini kunanuka tafsiri. Kwa asili yake Kiswahili husema mtu amependa, na anapotaka kukoleza husema amezama, amenasa, ametekwa, au, kwa lugha ya vijana, amekufa na kuoza. (Hilo la mwisho kikundi kiliache, jukwaa halina haja nalo.) Tofauti si ya picha tu. Aangukaye hakusukumwa na mtu. Ardhi imemvuta, na lawama haipo. Aliyenaswa au kutekwa ana mtegaji na mtekaji, hata kama sarufi ya kauli ya kutendwa inaruhusu asitajwe. Kwa hiyo wapendanao wa Kiingereza ni wahanga wawili wa ajali moja, ilhali wa Kiswahili mmoja ni ndege na mwingine ana ulimbo. Kikundi kitakachowafanya waigizaji wawili wagandane mikono wasiweze kuachana kitapata kicheko, lakini hadhira itauliza ni nani aliyepaka ulimbo, na mazungumzo hayana budi kuandikwa upya ili yajibu swali hilo au yalikwepe kwa ustadi.

Kiatu kinachodondoka hakitafsiriki. Kinatokana na msemo wa Kimarekani juu ya mpangaji wa ghorofa ya chini anayesubiri jirani wa juu avue kiatu cha pili, maana yake ni kungoja jambo baya lililobaki. Hakuna Mswahili anayengoja kiatu. Lakini onyesho lenyewe linauliza mapenzi ya wanandoa hawa yalikwenda wapi, na swali hilo Kiswahili kimekwisha kulijibu: yameota mbawa. Hapa nahau ya Kiswahili inashinda. Kiatu cha Kiingereza kinashuka tu, na maana yake inahitaji kukumbukwa. Kiatu kinachoota mbawa na kupaa huku mume akikikimbilia kinajieleza chenyewe.

Kijana asiyesikia maumivu atafaidi zaidi, kwa sababu kitenzi "kuuma" ni cha meno na cha maumivu kwa pamoja. Orodha yake ya vitu vinavyouma itaanza na mbwa, nyuki na siafu, ipite kwenye jino na tumbo, ifike mapenzini bila kubadilisha kitenzi. Mtu aliyepungua kimo anaweza kuelezwa kwa kukata tamaa, nahau ambayo tayari ina kisu ndani yake. Ila mpenzi wake katika tamthilia jina lake ni Hope, na Kiingereza kinatumia neno moja kwa jina na kwa kitu kilichopotea. Kiswahili kinagawa tamaa na tumaini, na tamaa ina doa la ulafi. Afadhali mwanamke aitwe Tumaini, jina la kawaida kabisa, na mwanamume awe amelipoteza tumaini. Majina, kwa kweli, ni hazina isiyochimbwa. Katika onyesho mojawapo mwanamume amejichanja chale ya kujiadhibu, neno likaandikwa vibaya, na kosa hilo linageuka kuwa jina la mhudumu wa baa anayemhudumia. Kwa tahajia ya Kiswahili, inayofuata matamshi, mzaha wa herufi hauna nguvu. Hauhitajiki pia. Katika jamii yenye akina Shida, Tabu na Mashaka, mwanamume aliyejichora TABU mkononi anaweza kuhudumiwa na dada aitwaye Tabu bila kukosea herufi hata moja.

Mifuko ya mapenzi yaliyorudishwa itapokewa kwa namna ambayo mtunzi hakuikusudia. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, kurudisha kilichotolewa si sitiari. Mke anayetaka khului hurudisha mahari kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Na nchini Uganda, desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ilifikishwa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2015 iliamua kuwa inapingana na katiba. Onyesho ambalo Maine ni la kuchekesha kwa sababu haliwezekani, hapa litachekesha kwa sababu linawezekana mno. Waigizaji wasilikimbie jambo hilo. Mwanamume anaporudi na kifuko kidogo tu, hadhira itakuwa imeanza kunung'unika, na itakapogundua kuwa ndani mna pete ya ndoa, mgeuko utakuwa mkubwa kuliko ulivyo katika asili.

Kuhusu jina

Pahala ambapo Kiswahili kinaipita asili ni jina la mji. Katika dibaji, Pete na Ginette wameketi kwenye benchi. Binti anasema anajisikia yu karibu naye. Kijana anamjibu kwa mfano wa tonge la theluji: dunia ikiwa mviringo, aliye kando yako ndiye aliye mbali kuliko wote, ukipima kwa kuzunguka upande wa pili. Binti anaondoka, hatua kwa hatua, akielekea kuwa "karibu" kwa hesabu hiyo ya ajabu. Kiingereza kina neno moja la jina la mji na neno jingine kabisa la ukaribu wa wapendanao, na hayagusani. Kiswahili kinayo yote katika "karibu": karibu ya kukaribia kutimia, karibu ya kutokuwa mbali, na karibu ya mwenye nyumba kwa mgeni. Mji uitwao Karibu unabeba kichwani mwake swali zima la dibaji.

Isimu ina mizaha yake. Presque Isle, alikokulia mtunzi, ni jina la Kifaransa lenye maana ya rasi, lakini ukilichambua neno kwa neno ni "karibu kisiwa". Na mji jirani, mwendo wa kilomita 20 hivi, unaitwa Caribou, jina la mnyama wa nchi za baridi. Mswahili akilisikia atadhani amekaribishwa.

Upweke una neno

Pingamizi litakalotolewa linajulikana: upweke ni ugonjwa wa Wazungu, na mji mdogo wa Kiafrika umejaa ndugu, majirani na watoto wa watu. Lugha yenyewe inalikanusha. Kiswahili kina upweke, hali ya aliye peke yake, na kina ukiwa, ambao ni mzito zaidi, kwa kuwa mkiwa ni mtu aliyeachwa na ukiwa unaweza kuwa wa mtu, wa nyumba au wa mahali. Jamii isiyoujua upweke isingejishughulisha kuutofautisha hivyo. Takwimu nazo zinakwenda upande huohuo: ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilieleza kwamba mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni anaathiriwa na upweke, na kwamba katika nchi za kipato cha chini walioripoti upweke walikuwa asilimia 24 hivi, mara mbili ya kiwango cha nchi tajiri.

Karani wa benki aliyehamishiwa mji mdogo, mwalimu wa kike aliyepangiwa kituo mbali na kwao, mjane mwenye duka la rejareja: hawa hawakosi watu wa kuwaamkia. Wanaamkiwa siku nzima. Tabu yao ni kwamba kila anayewaamkia anajua walikotoka, walilala wapi na nani alipita kwao jana, na hakuna wanayeweza kumwambia jambo. Cariani amelielewa hili vizuri, na katika maelezo yake kwa waigizaji anasisitiza kuwa watu wa Almost si wajinga wa shamba wa kuchekwa. Onyo hilo lipelekwe moja kwa moja kwa wachekeshaji wetu, ambao kwa muda mrefu wameishi kwa kumvika mshamba suruali fupi na kumpa lafudhi.

Lipo kikwazo kingine, na ni cha nyumbani. Sanaa za maonyesho ya jumuiya nchini Tanzania, hasa tangu majaribio ya Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, yaliyoongozwa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, zimejengwa juu ya matatizo ya jamii na mijadala ya kuyatatua. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, na wanakijiji walikuwa watunzi wake. Baadaye wafadhili waliikuta njia iko tayari wakaipitishia ujumbe wao: ukimwi, vyandarua, uzazi wa mpango. Matokeo ni kwamba vikundi vingi vimezoea kuulizwa "ujumbe ni nini?" kabla hata ya kugawana nafasi. Futuhi ya upweke haina ujumbe wa namna hiyo. Haimwambii mtu afanye nini kesho. Inamwonyesha jirani yake akiwa amebeba mfuko. Kikundi kitakachodai haki ya kuigiza kitu kisichofundisha kitakuwa kimefanya jambo ambalo jukwaa letu la jumuiya limelisahau.

Hayo hayana maana kwamba tamthilia hii ni salama. Mwaka 2014 shule moja ya sekondari katika jimbo la North Carolina iliizuia kwa sababu ya onyesho la wanaoanguka, ambao ni wanaume wawili. Wanafunzi na wenzao wakachangisha fedha, na Januari 2015 ikaigizwa nje ya shule. Kikundi cha Afrika Mashariki kitakutana na swali hilo likiwa na sheria za nchi nyuma yake. Wapo watakaoshauri onyesho hilo likatwe kimyakimya. Ushauri huo ni mbaya. Nyerere alipomtafsiri Shakespeare hakuwa na wa kumwomba ruhusa. Cariani yu hai na kazi yake ina leseni, hivyo tafsiri, mabadiliko ya jina la mji na upunguzaji wa maonyesho vyote vinahitaji idhini. Kisipopatikana kibali, kikundi kitunge tamthilia yake. Njia ya kuamsha nahau haina hakimiliki, na moyo mzito, viatu vilivyoota mbawa na dada Tabu ni mali ya wasemaji wa Kiswahili.

Baridi si tatizo: Makete na Limuru watu huvaa makoti, na onyesho la wapenzi wanaovuana nguo safu baada ya safu bila kuifikia ngozi litachekwa huko. Nuru ya kaskazini ndiyo haina mwenzake karibu na Ikweta. Katika asili, inaonekana pale ambapo jambo fulani limegeuka kati ya wawili, na kwa kuwa maonyesho yote yanatokea saa moja, ni nuru ileile inayoonwa na wote. Kikundi kinahitaji tukio linaloupata mji mzima kwa dakika moja. Umeme kukatika saa tatu usiku unatosha. Taa zinazimika kwa wote, nyota zinajitokeza, na yale ambayo watu hawakuweza kuambiana wakionana nyuso yanasemwa gizani. Ukirudi, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele nyuma ya jukwaa. Fundi mitambo hahitaji kifaa chochote zaidi ya swichi.

Linabaki hitimisho. Pete yuko palepale kwenye benchi na tonge lake. Ginette, aliyeondokea upande mmoja, anatokea upande mwingine, ameizunguka dunia. Cariani anawaachia ukimya. Mwigizaji wa Kiswahili hatauvumilia kwa urahisi, kwa sababu adabu inamtaka aliyeketi amwambie anayefika neno, na neno lenyewe ni jina la mji. Mwongozaji ataamua kama litamkwe au midomo ifunguke tu. Jambo hilo lisiamuliwe mezani. Lijaribiwe mbele ya watu, na kwanza kabisa, pengine, mbele ya wale walio karibu na chanzo: miongoni mwa wakimbizi na wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaoishi Portland na Lewiston wamo wasemaji wa Kiswahili, na theluji ya Maine wanaijua.